Damu Inayoandika: Majibu kwa Wanaoidharau Picha ya Tshibumba

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, mji wa shaba wa Katanga ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake, picha moja baada ya nyingine, zaidi ya 100, kuanzia enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu. Alizichora kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, akawa anazipeleka kwa mafungu kwa Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akifundisha anthropolojia katika chuo kikuu cha mji huo. Fungu likifika, wawili hao walikaa chini wakalizungumzia kwa Kiswahili, kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Picha zenyewe leo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum na ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum.

Ninayotaka kuitetea hapa ni moja tu kati ya hizo: ile ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, tarehe 17 Januari 1961. Nimewasikia watu ninaowaheshimu, walimu wa sanaa miongoni mwao, wakiipita haraka haraka, kila mmoja na sababu yake. Nitazijibu sababu hizo, kwa kuwa kila moja inamfungia mwanafunzi mlango wa kazi mbili ambazo mhakiki hana budi kuzifanya: kumtafiti aliyechora, na kuiangalia picha kwa muda wa kutosha.

Dai linalosikika zaidi ni kwamba Tshibumba hakusomea uchoraji, hivyo picha yake ni ya kuhurumiwa tu, haifikii kuhakikiwa. Kwamba hakupita chuo cha sanaa ni kweli. Lakini wanaosema hivyo hawajajiuliza kama mji wake ulikuwa na chuo, na kama kilikuwepo, kilifundisha nini. Mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya Tshibumba kuzaliwa, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapohapo Élisabethville karakana ya wachoraji iliyokuja kujulikana kwa jina la Le Hangar. Walitoka humo mafundi wa kweli: Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga aliyejaza miili ya watu kwa vistari vifupi vinavyokimbizana, Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Nazipenda picha zao na sitaki kuzishusha. Ila mlezi wao aliamini kwamba kipaji cha Mwafrika ni kitu safi kinachopaswa kulindwa kisichafuliwe na mambo ya Ulaya, na matokeo yake ni kwamba katika mji wa migodi, wa reli, wa kambi za wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, wa magereza na viboko, wachoraji waliolelewa vizuri walichora msitu, wawindaji na viumbe wa majini. Wazungu wa mji walizinunua na kuzitundika kwa furaha.

Tshibumba alikuwa nje ya malezi hayo, na kilichomo katika picha zake ni kile ambacho malezi hayo yaliacha nje. Alichora mfungwa amelazwa kifudifudi akichapwa na askari Mwafrika huku ofisa wa Kibelgiji amesimama akiangalia. Alichora wafanyakazi wa migodi waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941. Alichora ndege, mizinga, mawaziri, wafalme. Mtu anayeuliza kwa nini hakusoma sanaa anatakiwa aulize vilevile kama angeweza kuichora picha ya Lumumba endapo angesoma kwa namna sanaa ilivyofundishwa huko. Mimi naamini asingeweza. Na wanaolalamikia mikono na miguu isiyolingana wakumbuke kwamba uwiano wa viungo ni kipimo kimojawapo tu cha ufundi. Kipo cha kupanga vitu ndani ya fremu ili jicho lipite njia aliyoitaka mchoraji, na hapo, kama tutakavyoona, Tshibumba hana anachokosa.

Wapo wengine wanaokwenda upande wa pili kabisa. Hawa wanaiheshimu picha, ila hawataki kusikia lolote kuhusu mchoraji. Picha, wanasema, inajitosheleza. Maisha ya msanii ni umbeya uliovishwa suti ya utafiti. Naelewa wanachokikimbia. Tumesoma makala nyingi mno za sanaa ambazo zinaeleza mtu alizaliwa wapi, akaoa nani, akafa lini, na kuhusu kazi yake zinasema tu kwamba inavutia. Basi tufanye wanavyotaka. Tuiangalie picha bila kujua kitu.

Mbele, chini, wamelala watu watatu waliokufa. Nyuma yao nchi iko wazi, na kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Angani kuna nyota sita. Ubavuni mwa Lumumba kuna jeraha, na damu inayotoka hapo inashuka hadi ardhini, na pale ardhini haitawanyiki ovyo kama damu. Inajikunja, inakuwa herufi, na herufi zinasomeka: unité, umoja kwa Kifaransa, lugha ya serikali na ya shule.

Jicho peke yake linatupa mengi. Miili imelala, misalaba imesimama, na hesabu ni ileile, watatu kwa mitatu. Hatuhitaji kuambiwa kwamba vinahusiana. Jicho linaanzia kwa waliolala, linapanda kwenye misalaba, linafika kwenye nyota, kisha linashuka tena kwa sababu chini kuna maandishi na mtu anayejua kusoma hawezi kuyapita maandishi bila kuyasoma. Katika picha nzima, kilicho katika mwendo ni damu. Watu wamekwisha kutulia, misalaba haiendi popote, nyota ziko mahali pake. Damu ndiyo bado inafanya kazi, na kazi yake ni kuandika. Mtu aliyeuawa ili anyamaze anaendelea kusema kupitia jeraha lenyewe. Hayo yote yamo ndani ya fremu, na ninakubali kwamba mtu asiyejua hata jina la mchoraji anaweza kuyaona.

Lakini kwa nini nyota ziwe sita? Fremu haijibu. Kama ni usiku tu uliotakiwa, nyota tatu zingetosha, na zingelingana na miili. Ili kujibu ni lazima utoke nje ya picha. Bendera ya Kongo iliyopandishwa tarehe 30 Juni 1960 ilikuwa ya buluu, yenye nyota moja kubwa ya njano katikati na nyota sita ndogo kando ya mlingoti, moja kwa kila jimbo: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga na Kasai. Tshibumba mwenyewe alimweleza Fabian kwamba aliziweka nyota sita kwa kuwa Lumumba alikufa kwa ajili ya umoja. Sasa tia hilo katika tarehe. Bendera hiyo ilibadilishwa mwaka 1963, na mwaka 1971 Mobutu alileta nyingine kabisa, ya kijani, yenye mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1974 nyota sita hazikuwa tena katika bendera ya taifa. Mchoraji amezitoa kwenye mlingoti akazipeleka angani, mahali ambapo amri ya rais haifiki.

Tena hata siku Lumumba anauawa, majimbo hayo sita hayakuwa pamoja. Katanga ilikuwa imejitenga tangu 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Kasai ya Kusini ilifuata Agosti chini ya Albert Kalonji. Stanleyville ilikuwa na serikali yake iliyoongozwa na Antoine Gizenga. Nyota sita zinaangaza juu ya nchi iliyokwisha kupasuka, na waliolala chini wamelala katika ardhi ya jimbo lililoanzisha kupasuka huko.

Na hapo ndipo maisha ya mchoraji yanapoingia, wala si kwa umbeya. Tshibumba ni mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa na kukulia Katanga. Wakati wa kujitenga, watu wa Kasai waliokuwa wakiishi Katanga waliwindwa na kufukuzwa, na maelfu walijazana katika kambi ya wakimbizi pembeni mwa Élisabethville. Neno umoja likisomwa Brussels au Kinshasa linaweza kuwa la hotuba. Likisomwa na mtoto wa Kasai ndani ya Katanga linauliza jambo la nyumbani kwake: je, mtu kama mimi ana haki ya kuishi hapa? Ukimwondoa mchoraji, herufi zile tano zinabaki kuwa kaulimbiu. Ukimrudisha, zinakuwa dai la mtu mwenye mlango na jirani.

Hata hivyo wasifu una mipaka, na watetezi wa Tshibumba wakati mwingine huivuka. Asigeuzwe shahidi wa macho. Januari 1961 alikuwa kijana wa miaka 13 au 14, na mauaji yalifanyika usiku, porini, mbali na mji. Alichonacho ni alichosikia, alichosoma na alichokifikiri. Hakudai zaidi ya hapo.

Hili linanipeleka kwenye dai ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa watu wanaojali ukweli. Wanasema picha hii inapotosha historia. Hapakuwa na misalaba. Lumumba hakuchomwa ubavuni. Alipigwa risasi na kikosi cha askari. Mwanafunzi akiiangalia atajifunza uongo.

Tuweke kwanza kinachojulikana. Lumumba na wenzake wawili walipelekwa kwa ndege hadi Élisabethville tarehe 17 Januari 1961, wakapigwa njiani na wakapigwa tena walipofika, wakafungiwa katika nyumba nje kidogo ya uwanja wa ndege, na usiku huohuo wakapigwa risasi na askari wa Katanga chini ya maofisa wa Kibelgiji. Baadaye ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, aliikata miili na kuiyeyusha kwa asidi. Jino moja la Lumumba alilibakiza, na ni jino hilo Ubelgiji ilirudisha kwa familia Juni 2022.

Sasa tuulize: wakati huo hati rasmi zilisema nini? Tarehe 13 Februari 1961 Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli ya serikali, na ilikuwa ya uongo tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Uchunguzi wa bunge la Ubelgiji uliokiri kwamba nchi hiyo inabeba dhamana ya kimaadili ulikamilika mwaka 2001, miaka 27 baada ya picha kukamilika. Mtu aliyeishi Lubumbashi mwaka 1974 na kutaka kujua Lumumba alikufaje angefungua kumbukumbu za serikali ya Katanga akakuta wanakijiji. Angefika kwa mchoraji anayetembeza picha mtaani akakuta maiti tatu, misalaba mitatu na neno moja. Kati ya hao wawili, aliyemdanganya si mchoraji.

Picha haisemi kwamba palikuwa na misalaba porini Katanga. Inasema kifo hiki ni cha aina gani: cha mtu aliyesalitiwa na wa kwake, akakabidhiwa kwa wenye nguvu, akauawa pamoja na wengine wawili, na kifo chake kikashindwa kumaliza alichokianzisha. Madai hayo yote yanapimika kwa ushahidi, na ushahidi uliokuja baadaye umeyabeba. Mtu aliyezoea kusoma tenzi zetu za zamani anajua kwamba mtunzi anaweza kupanga tukio upya ili maana yake ionekane bila yeye kuwa mwongo. Sioni kwa nini mchoraji anyimwe ruhusa hiyo.

Liko jambo moja ambalo linanigusa kila ninapoirudia picha hii. Tshibumba amechora miili. Mizima, imelala juu ya ardhi, inaonekana. Kwa kweli miili hiyo haikuwepo tena. Waliofanya kazi ile ya asidi walikusudia pasiwe na kaburi la kwenda kulizuru wala mabaki ya kuonyeshwa, na maelezo ya kina ya walichokifanya yalikuja kujulikana hadharani miaka mingi baada ya picha. Hakuna picha ya kamera ya maiti ya Lumumba iliyowahi kutolewa kwa umma. Mchoraji asiye na kamera wala hati alikataa, kwa brashi, kukosekana kwa mwili. Watu wa mji wake waliziita picha za namna hii ukumbusho na kuzitundika sebuleni, na ukijua kwamba marehemu huyu hakuzikwa, unaelewa sebule hiyo ilikuwa ikifanya kazi gani.

Misalaba nayo ina wapinzani wake, na wanakuja kutoka pande mbili. Mmoja anasema kumfananisha mwanasiasa na Yesu ni kukosea adabu mbele ya dini. Mwingine anasema ni alama ya mtu aliyetawaliwa kifikra, asiyeweza kuueleza msiba wa Kiafrika bila kuazima msalaba wa Mzungu. Wote wawili wanazungumza kana kwamba picha ilichorwa nje ya wakati.

Tshibumba aliliweka jambo hili wazi mbele ya kinasa sauti: kwa mawazo yake, Lumumba alikuwa Bwana Yesu wa Zaire. Alisema kwa mawazo yake, na tahadhari hiyo tuishike. Wakati huo Zaire ilikuwa ikipita katika nini? Mobutu alikuwa ameanzisha siasa yake ya uhalisi, ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika. Mwaka 1971 nchi na mto vilipewa jina la Zaire, ambalo fedha ilikuwa nalo tangu 1967. Mwaka 1972 wananchi waliamriwa kuacha majina ya Kikristo, na Kardinali Malula wa Kinshasa, aliyepinga, akalazimika kukaa uhamishoni Roma kwa muda. Mwaka 1974 Krismasi ilifutwa katika orodha ya sikukuu za taifa. Kufikia mwisho wa mwaka huo misalaba ilikuwa inaondolewa katika majengo ya umma na nafasi yake kuchukuliwa na picha ya rais, na waziri wake wa mambo ya ndani, Engulu, akamtangaza Mobutu kuwa masihi wa Wazaire.

Kwa hiyo katika nchi hiyo, kipindi hichohicho, swali la nani ni mkombozi lilikuwa swali la serikali. Kulikuwa na jibu moja lililoruhusiwa. Tshibumba akachora jingine. Hakuazima msalaba kwa kukosa alama yake; msalaba ulikuwa umekuwa mali inayogombewa, na yeye akauweka nyuma ya mtu aliyeuawa badala ya nyuma ya mtu aliye madarakani. Anayeona hapo kufuru ajiulize ni nani aliyekuwa akikufuru hasa. Na anayeona utumwa wa kifikra akumbuke kwamba watu wa Katanga walikuwa wamekaa na Biblia kwa vizazi, katika shule na makanisa ya misheni yenye Njia ya Msalaba ukutani. Hadithi ya mtu asiye na hatia aliyeuawa na dola ilikuwa yao kama ilivyo ya mtu yeyote.

Baadhi ya wasomi wanaoijua mikanda ya Fabian wana dai la hali ya juu zaidi: mchoraji amekwisha kueleza. Ametaja Yesu, ametaja nyota, ametaja umoja. Mhakiki anabakiwa na nini?

Anabakiwa na sehemu kubwa. Maneno ya msanii ni ushahidi muhimu, na mtu asiyeyatafuta hajatafiti. Lakini nayo yalisemwa mahali fulani, kwa mtu fulani, chini ya utawala wa chama kimoja. Tukumbuke Mobutu ni nani katika hadithi hii. Tarehe 14 Septemba 1960 ndiye aliyetwaa madaraka kwa mara ya kwanza. Askari wake ndio waliomkamata Lumumba akijaribu kwenda Stanleyville, wakamweka kambini Thysville, na kutoka mikononi mwao akapelekwa Katanga. Kisha, mwaka 1966, Mobutu huyohuyo akamtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Umoja nao ulikuwa neno la chama chake; alijinadi kama mtu aliyeiokoa nchi isisambaratike.

Hivyo neno lililoandikwa kwa damu ni neno lililoruhusiwa. Ofisa wa chama angeweza kulisoma akatikisa kichwa kukubali. Damu inasema Lumumba alikufa kwa ajili ya nini. Haisemi alikufa kwa mkono wa nani. Wengine wanaona hapo woga, au utii. Mimi nasoma tofauti, na ninajua mtu mwingine anaweza kunipinga. Naona mchoraji amechukua neno ambalo utawala haukuweza kulikataza, akaliandika kwa kitu ambacho utawala haukutaka kionekane. Umoja wa mabango ulikuwa umeandikwa kwa rangi. Umoja huu una jeraha unakotoka, na mtazamaji akifuata herufi kwa jicho kurudi nyuma anafika ubavuni mwa mtu aliyekabidhiwa kwa wauaji wake na wale waliokuwa bado wanatawala. Tshibumba hakulisema hilo mbele ya kinasa sauti, na wala sitamtia maneno mdomoni. Nasema picha inaliruhusu, na mpangilio wake unalisukuma.

Kuhusu hoja kwamba picha hizi zilichorwa kumpendeza mnunuzi wa Kizungu, nitakubali nusu. Mfululizo mzima, kwa urefu wake ule, usingekuwepo bila Fabian. Hakuna mkazi wa Lubumbashi ambaye angenunua picha zaidi ya 100 za historia. Maswali ya nani alilipwa nini, na kwa nini kazi hii iko Amsterdam badala ya Lubumbashi, ni maswali halali na hayajaisha. Kitabu cha Fabian kuhusu picha hizi, kilichotoka mwaka 1996, kilimtaja Tshibumba kwenye jalada kama mwenye masimulizi na picha, na hilo ni jambo jema, lakini kilitoka wakati mwenye masimulizi hajulikani alipo. Lakini mada zenyewe hazikuzaliwa na mgeni. Picha ya gereza la wakati wa Wabelgiji, ya Lumumba, ya mamba muntu, nguva yule wa mtoni, zilikuwa zikinunuliwa na makarani, walimu na wafanyakazi wa migodi kwa ajili ya nyumba zao wenyewe, kwa bei waliyoimudu. Tshibumba alizitembeza mlango kwa mlango. Aliijua nyumba ya kawaida inataka kukumbuka nini.

Ni mila hiyo ya soko inayowafanya wengine waseme kwamba picha inayorudiwarudiwa si kazi ya sanaa. Ni kweli mada zilirudiwa; ile ya gereza ilichorwa na wachoraji wengi, mara nyingi. Kwa mtafiti hiyo ni neema. Ukiwa na matoleo kadhaa ya mada moja unaweza kuona kilichokaa palepale, ambacho wanunuzi walikitaka, na kilichohama, ambacho ni uamuzi wa mchoraji. Mafundi wa sanamu takatifu wa Ethiopia walirudia mada zilezile kwa karne nyingi na hakuna anayewaambia hawakuwa wasanii.

Mwisho kuna dai linaloniumiza kama msomaji wa Kiswahili. Linasema hatuwezi kumtafiti Tshibumba kwa lugha yetu: vitabu viko kwa Kiingereza na Kifaransa, yeye mwenyewe alipotea mnamo 1981, na Kiswahili alichozungumza ni kibovu, hakifai kunukuliwa darasani.

Kilichochapishwa kwa Kiingereza kilitokana na Kiswahili. Fabian aliyaweka mazungumzo yale hadharani kwenye intaneti kwa maneno yaleyale yaliyosemwa, na anayesoma ukurasa huu anaweza kumsikia mchoraji moja kwa moja kuliko maprofesa wengi walioandika juu yake. Ni Kiswahili cha Katanga, kimejaa Kifaransa na ngeli zake hazifuati za Unguja. Msomaji wa Tanga au Mombasa atakwama kurasa chache za mwanzo, kisha ataizoea sauti. Kiswahili hichohicho ndicho André Yav alichotumia mwaka 1965 kuandika historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na wanahistoria wanaisoma hadi leo. Wachimba shaba, wapishi, makarani na wachoraji walifikiri juu ya nchi yao kwa lugha hii. Kuiita mbovu ni kuamua kwamba walichofikiri hakituhusu.

Mwanafunzi anayetaka kuanza hahitaji nauli ya kwenda Amsterdam. Picha imechapishwa na mazungumzo yake yapo. Aanze na mazungumzo ya picha hii ya 17 Januari, aandike pembeni kila kitu ambacho mchoraji anakitaja na kila kilichomo katika picha ambacho hakukitaja, kisha arudi kwenye picha zinazoitangulia, kwa kuwa Tshibumba alizipanga kama masimulizi yanayofuatana na alitaka zisomwe hivyo.